Ndama wa Majani

Obedi alikuwa na siri moja ndogo katika kazi yake: nyaya alizipa majina ya ng'ombe.

Ukichuna ganda la kebo ya mtandao utakuta nyaya nane nyembamba ndani, mbili mbili, zimesokotana tangu mwanzo hadi mwisho. Nne zina rangi kamili: chungwa, kijani, bluu na kahawia. Nne nyingine ni nyeupe, kila moja ina mchirizi wa rangi ya mwenzake. Fundi aliyesoma hushika mpangilio wa rangi kichwani na kazi ikaisha. Obedi aliishia darasa la tano, mengine akayaokota barabarani, na orodha hazikumkaa. Lakini alizaliwa Haneti katika boma la mfugaji, na siku ya kwanza alipochuna kebo aliona jambo, akashangaa kwamba hakuna aliyewahi kuliona. Yule wa rangi kamili ni mama. Yule mweupe mwenye mchirizi ni ndama wake.

Basi waya wa chungwa akamwita Jua, kwa jina la ng'ombe mwekundu wa baba yake. Wa bluu akawa Moshi. Wa kahawia akawa Kahawa, hapo hata hakufikiri. Na wa kijani, kwa kuwa ng'ombe wa kijani hajazaliwa bado, akampa jina la Majani, yule mwizi wa mashamba ya watu aliyewaletea kesi kila msimu wa mtama, na ambaye Obedi alimpenda kuliko wote.

Alikuwa na miaka sitini sasa. Aliondoka kwao akiwa na kumi na minne, na tangu hapo miguu yake haikujua kutulia. Alichunga kwenye ranchi Kongwa, akabeba mataruma ya reli, akauza mitumba Singida, akapaka rangi makanisa matatu ya madhehebu matatu, na kote alisali vizuri tu. Alichimba mitaro ya kupitishia kebo miaka mingi bila kujua kebo inabeba nini. Siku moja fundi hakuja, msimamizi akamwambia, wewe mzee vuta, na akavuta. Ndivyo alivyofika Chang'ombe ya Dodoma mjini, kwenye duka la kompyuta la Mohsin Kassamali, na ndivyo alivyokutana na Zeenat.

Zeenat ni binti wa Mohsin. Alisomea kompyuta chuoni, na alikuwa na subira ya mtu anayefundisha kwa kupenda. Obedi alipomwuliza ndani ya waya kunapita nini hasa, hakumwambia ni mambo magumu. Alichapa picha ya harusi ya binamu yake, akaikata kwa mkasi vipande kumi na viwili. Akamweleza kwamba picha haipiti nzima nzima. Inakatwa hivi, na kila kipande kinaitwa pakiti. Nyuma ya kila kipande akaandika kinatoka wapi, kinakwenda wapi, na ni cha ngapi. Kisha akavitawanya. Vingine vikazungukia mlango wa mbele, vingine uani, kimoja akakificha mfukoni, na Obedi akakaa upande wa pili wa kaunta kuvipokea. Havikuja kwa zamu. Cha tisa kilitangulia cha pili. Lakini kwa kuwa vilikuwa na namba alivipanga, bibi harusi akatokea, ila bega moja halikuwepo.

"Cha saba sikioni," Obedi alisema.

"Kwa hiyo utafanya nini?"

"Nidai."

"Basi mzee wangu, mtandao umeuelewa. Anayepokea anasema hivi nimevipata, kile bado, leta tena. Mpaka vitimie."

Obedi akasema kumbe ni ng'ombe wa mnada. Kule Kongwa walikuwa wakipeleka ng'ombe mia tatu mnadani, na huwezi kuwaswaga wote njia moja, watamaliza maji ya watu. Unawagawa. Kundi hili linapita huku, lile kule, kila ng'ombe ana chapa ubavuni, na mwisho wa safari kuna mtu kakaa langoni anahesabu. Asipomwona mmoja, anatuma mtu arudi. Zeenat akacheka, akasema atautumia mfano huo. Akamwongezea kwamba swichi ni kama mwenye boma, anajua kila mlango wa pale nyumbani, na ruta ni yule anayejua njia za kwenda kwenye maboma ya wengine. Tangu siku ile wakawa marafiki, mzee wa Kigogo na binti wa Kassamali.

Siku hiyohiyo Zeenat alimwandikia kwenye karatasi jinsi ya kupanga nyaya nane kwenye kile kichwa cha plastiki cha mwisho wa kebo. Obedi aliisoma karatasi nyumbani, akaitafsiri kwa ng'ombe wake, na akakwama. Ndama wa Jua, kisha Jua. Sawa. Ndama wa Majani, halafu Moshi, halafu ndama wa Moshi, ndipo Majani. Yaani ndama wa Majani anaingia wa tatu na mama yake anaingia wa sita, katikati kuna watu wengine kabisa. Obedi alimhurumia Zeenat. Mtoto wa mjini, hajawahi kufungua zizi, atajuaje? Hakutaka kumwaibisha. Akairekebisha kimyakimya: kila ndama na mama yake, wawili wawili, mpaka wanane wakaisha. Akapima kwa kile kifaa chenye taa nane, zikawaka zote kwa zamu, moja mpaka nane. Karatasi akaiweka kwenye pochi. Miaka minne akafunga maduka ya Chang'ombe hivyo, kebo za mita tano, mita kumi, na hakuna aliyelalamika.

Kisha ikaja kazi ya Haneti.

Kituo cha afya kilikuwa kimepata mashine ya utrasaundi, na kila Jumatano daktari bingwa aliyeko mjini aliahidi kukaa kwenye kompyuta yake, kuanzia saa nane mpaka saa kumi, kutazama picha watakazomtumia. Kilichobaki ni kuvuta kebo kutoka kwenye antena iliyofungwa juu ya mnara wa tangi la maji mpaka chumba cha mashine. Mohsin alipomwuliza nani aende, Obedi alikuwa ameshabeba ngazi.

Si kwamba alikuwa na haraka ya kazi. Dada yake Loisi alikuwa kule, na alikuwa anaumwa.

Loisi alikuwa na miaka sitini na sita, na ndiye aliyemlea Obedi baada ya mama yao kufariki. Miezi mitatu alikuwa akishikwa na maumivu chini ya mbavu, upande wa kulia, mpaka anakunja mwili. Kila mtu alimwambia aende hospitali Dodoma, naye kila mara alijibu kwamba hawezi kwenda kulala kitanda cha mji kwa ajili ya kitu asichokijua jina. Wakimwambia ni nini, atakwenda. Bila jina haendi. Erica, tabibu wa kituo ambaye wote walimwita daktari, alikuwa amebembeleza mpaka amechoka. Alimwambia Obedi wazi kwamba anaogopa. Ikiwa ni kile anachokifikiria, kinatibika, lakini kikichelewa na kuanza kuoza humo ndani, hapana.

Kwa hiyo Jumatano ile yote ilining'inia kwenye kebo ya mita themanini na tano.

Obedi alimaliza saa saba. Taa nane ziliwaka vizuri kama siku zote. Loisi alikuja akitembea polepole, amejifunga khanga kichwani, akakaa kwenye benchi mlangoni. Obedi akamwamkia shikamoo, naye akaitikia marahaba, kisha akamsalimia upya kwa Kigogo, mbukwa, na kumwuliza habari za kila kitu ikiwemo ngazi. Erica akamlaza, akampaka ile dawa ya ubaridi tumboni, akapiga picha, na saa nane na nusu akaituma.

Picha ikaanza kwenda. Ikafika robo ikasimama. Ikasogea kidogo, ikasimama tena. Kisha kompyuta ikaandika kwamba imeshindikana. Erica akarudia mara ya pili, ya tatu. Mara ya tatu daktari wa mjini alipiga simu kusema amepata kipande cha juu tu, chini ni kijivu kitupu, na kwa kipande hicho hawezi kusema neno.

Obedi alipima tena. Taa nane, moja mpaka nane. Alipangusa vumbi kwenye vichwa vya kebo, akazima na kuwasha antena. Ilikuwa saa tisa na dakika kumi. Loisi alikuwa amerudi kwenye benchi, akimtazama.

Akampigia Zeenat. Sikio lake moja lilikuwa zito, hivyo simu aliiweka sauti ya juu kila wakati na watu wote waliokuwa karibu wakashiriki.

Zeenat, baada ya shikamoo, aliingia kwenye mtambo akiwa hukohuko Chang'ombe. Walimsikia akibonyeza. Alisema antena ni nzima, njia ya kutoka mnarani mpaka mjini ni nzima. Tatizo ni hapohapo, kati ya antena na chumba. Pakiti zinaondoka lakini nyingi zinafika zimeharibika, swichi inazitupa, zinaombwa tena, zinakuja zimeharibika tena, na mwisho kompyuta inakata tamaa.

"Mzee Obedi, umepanga nyaya kwa mpangilio gani?"

"Ule wa siku zote."

"Hebu nitajie."

Obedi alikohoa. Alitazama ukutani. "Ndama wa Jua," alianza, "halafu Jua. Ndama wa Majani, halafu Majani—"

Kwenye benchi Loisi aliinua kichwa. Majina hayo hakuyasikia kwa mtu miaka arobaini na sita.

"Hao ni nani?" Zeenat aliuliza kwa upole, kama mtu anayezungumza na mgonjwa.

Hakukuwa na pa kujificha. Obedi akaeleza, mbele ya daktari Erica na mbele ya dada yake, kwamba rangi kamili ni mama na mweupe ni ndama, na kwamba yeye huwapanga kila mmoja na mtoto wake.

"Kwa hiyo kijani na mwenzake umewaweka tundu la tatu na la nne?"

"Ndiyo. Nisiwatenganishe."

"Nilikuandikia la tatu na la sita."

"Niliona umekosea, mwanangu."

Hapo Loisi alianza kucheka. Alicheka akijishika ubavu kwa sababu ulimuuma, akajaribu kuacha, akashindwa.

"Hajaacha," alimwambia Erica. "Miaka yote hii hajaacha."

Na akiwa bado anashika ubavu akasimulia. Kwamba nyumbani kwao, kama nyumbani kwa mfugaji yeyote mwenye akili, jioni ndama huwekwa kwenye kizizi chao na mama zao kwenye zizi kubwa, ili asubuhi kuwe na cha kukamua. Siku moja walitarajiwa wageni kutoka Itiso, waliokuwa wanakuja kumposa yeye Loisi, na maziwa ya asubuhi ndiyo yangekuwa ya kuwapokelea. Ndama wa Majani akalia sana jioni ile. Obedi akashindwa kuvumilia, akaenda akamfungulia, akamwacha alale na mama yake. Asubuhi Majani alikuwa mkavu, na ndama tumbo limemjaa kama ngoma. Baba akaona haya mbele ya wageni, posa ikaharibika, mtoto akachapwa, na kabla ya jua kuzama alikuwa ameshika njia ya Kongwa.

"Ndama akilala na mama yake," Loisi alisema, akiielekeza simu mdomo, "mtu atakamua nini?"

"Shikamoo bibi," Zeenat alisema. Na yeye alikuwa anacheka. "Ni hivyohivyo kabisa."

Akaeleza haraka, maana saa ilikuwa inakwenda. Zile nyaya mbili zilizosokotana hubeba neno moja. Mmoja analisema hivi, mwenzake analisema kinyume chake, na kwa sababu wamekumbatiana, kelele yoyote ya njiani ikiwapata inawapata wote sawasawa, na mwisho wa safari inajifuta yenyewe. Lakini mashine haijui rangi, inajua namba ya tundu. La kwanza na la pili ni jozi. La tatu na la sita ni jozi. Ukimweka ndama wa Majani la tatu na mama yake la nne, basi la sita anakaa Moshi, na mashine inamchukua ndama wa Majani na Moshi kuwa ni mtu na mama yake. Hawajasokotana hao. Wanatembea mbalimbali, kila mmoja anaokota kelele ya jirani. Kwa mita tano unaweza usione. Kwa mita themanini na tano wanafika hawajui hata walichotumwa.

"Lakini taa ziliwaka zote," Obedi alisema.

"Taa zinauliza tu kama wa huku ndiye wa kule. Haziulizi ametembea na nani."

Obedi alifikiri jinsi alivyowatazama yule ndama na mama yake miaka yote hii wakiwa bega kwa bega pale langoni, akaridhika, kumbe amewatenganisha safari nzima kwa kuwaweka pamoja mlangoni.

"Nenda kakamue," Loisi alimwambia. "Naumwa."

Ilikuwa saa tisa na dakika ishirini na tano. Alianza na upande wa chumba. Alikata kichwa cha zamani, akachuna ganda, akawanyoosha nyaya kwa kidole gumba. Ndama wa Jua, Jua. Ndama wa Majani. Mkono wake ulitaka kwenda kwa Majani mwenyewe, aliuona kabisa ukienda, akaurudisha. Moshi. Ndama wa Moshi. Ndipo Majani. Ndama wa Kahawa, Kahawa. Akabana kwa koleo. Kisha akabeba ngazi mpaka kwenye mnara wa tangi, akapanda, na kule juu, upepo wa Haneti ukimpiga machoni na vumbi jekundu likienda zake chini kuelekea mashamba ya alizeti, akafanya vilevile. Erica alisimama chini ameshika ngazi, maana hakuamini magoti ya mzee. Alimsikia akinong'ona kitu kwa Kigogo. Hakumwuliza.

Saa tisa na dakika hamsini na mbili Erica alituma picha. Hawakuiona hata ikienda. Alibonyeza, na kabla hajaondoa kidole ikawa imefika. Alidhani kompyuta imekosea, akatuma ya pili na ya tatu, nazo zikaenda. Simu ikalia. Daktari wa mjini alikuwa ameshaitazama. Akasema ni vijiwe kwenye mfuko wa nyongo, viko vinne au vitano, na mfuko umeanza kuvimba, kwa hiyo aletwe wiki hii, si ijayo. Ni upasuaji wa kawaida. Akauliza nani amerekebisha huo mtandao, Erica akasema ni mchungaji mmoja wa ng'ombe, na daktari akadhani ni utani.

Erica alimgeukia Loisi, akamwambia polepole. Loisi alisikiliza mpaka mwisho.

"Mawe," alisema.

"Vijiwe, bibi. Vidogo."

"Vijana wa hapa wanachimba milimani toka asubuhi mpaka jioni kutafuta mawe ya thamani, kumbe mimi ninayo tumboni." Akafikiri kidogo. "Wakiyatoa wanipe. Pengine ni ya kijani, kama yale wanayouza."

Kisha akasema haya, jina amelisikia, atakwenda. Gari la kituo lilikuwa linakwenda Dodoma kesho yake alfajiri, na Erica akamwekea nafasi kabla hajabadili mawazo. Obedi alikuwa anakusanya vipande vya ganda la kebo sakafuni, ameinama, na alikaa ameinama muda mrefu kuliko vipande vilivyohitaji.

Simu ilikuwa bado hewani. Zeenat, ambaye alikuwa amesikia yote, aliwapa pole na hongera kwa pamoja, akasema nyumbani kwao ni karibu na hospitali na kuna chumba, bibi akitoka wodini afikie hapo. Halafu akauliza, kwa sauti ya mtu anayejizuia, ni maduka mangapi ya Chang'ombe ambayo Obedi ameyafunga kwa mtindo ule wa huruma.

"Yote," Obedi alisema.

"Sawa. Tutaanza Jumatatu."

Jioni alimsindikiza dada yake nyumbani. Loisi alikuwa na ng'ombe watano tu sasa, wawili wana ndama, na zizi lilikuwa lilelile la baba yao, miiba imebadilishwa mara nyingi lakini mlango uko pale pale. Alikaa kwenye kigoda, akafunga vitu vyake viwili vitatu kwenye kitenge. Alikuwa ameweka pembeni kibuyu kitupu, amekiosha na kukifukiza moshi. Alisema hawezi kwenda kulala nyumbani kwa watu mikono mitupu, alfajiri kabla ya gari atamkamulia yule binti maziwa, ayanywe ajue Haneti ni wapi.

Ndipo Obedi akamwuliza jambo ambalo hakuwahi kumwuliza. Wale wageni wa Itiso, kama wangepata maziwa siku ile, angeolewa na yule mtu?

"Ningeolewa."

"Na ningekuwa nimekuharibia."

Loisi alifunga fundo la kitenge kwa meno. "Yule bwana alikuja kuoa wake wanne, na wote aliwapiga. Mimi kila mwaka namshukuru ndama wa Majani. Wewe ulikimbilia nini, mjinga? Ungesubiri mpaka kesho yake ningekueleza kwamba hata sikumtaka."

Miaka arobaini na sita, na habari yenyewe ilikuwa hapa tu, kwenye kigoda, inangoja mtu aje aidai.

"Kafunge ndama," Loisi alisema.

Akaenda. Wakubwa walikuwa wameshaingia zizini, wanacheua. Ndama wawili aliwaswaga kwenye kizizi chao, na yule mdogo, mweupe mwenye michirizi mgongoni, akageuka mlangoni, akanyoosha shingo kuelekea kwa mama yake, akalia. Mama akaitikia kutoka ng'ambo ya miiba. Obedi alisimama ameshika gogo la kufungia. Akasimama kidogo zaidi.

"Obedi," Loisi aliita kutoka kwenye kigoda, bila hata kugeuka. "Nakuona."

Akafunga.